MCHAICHAI KATIKA UA WA NYUMBA: MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI WA UMMA NA WAKAZI WA MUSOMA, BUNDA NA BUTIAMA





Jambo nililolichagua laweza kuonekana dogo. Sikuja kusema juu ya pamba, wala muhogo, wala samaki, ingawa hayo ndiyo yaliyoulea Mkoa wetu wa Mara. Nimekuja kusema juu ya jani ambalo karibu kila mmoja wetu amelinywa, lakini ni wachache tu kati yetu waliolipanda. Jani hilo ni mchaichai.

Naomba niwaeleze kwanza kwa nini nimelichagua, kisha namna ya kulipanda na kulitunza, kisha matumizi yake jikoni, na mwisho mipaka yake. Nasema mipaka kwa sababu siku hizi mmea huu umesifiwa kupita kiasi, na sifa isiyo na kipimo ina hatari yake.

Bustani iliyokuwa inakunywa watoto

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana katika kazi ya ugani, nilipewa nyumba mjini Musoma, hatua chache kutoka ziwani. Kwa kuwa nilikuwa Bwana Shamba, niliona aibu kukaa katika ua mtupu. Nililima matuta manne, nikapanda mchicha, nyanya na giligilani, ile ambayo wengine huiita kotmiri. Mchicha uliota vizuri. Giligilani iliota, ikafikia kimo cha kiganja, kisha ikarefuka ghafla, ikachanua na kuzaa mbegu kabla hatujachuma majani ya kutosha hata mchuzi mmoja. Nikapanda tena. Ikawa vilevile. Nikadhani dawa yake ni maji mengi zaidi.

Maji hayo yalitoka ziwani, na waliokwenda kuyachota walikuwa watoto wangu. Kila jioni waliingia majini hadi magotini, wakajaza ndoo, wakarudi, wakaenda tena. Haukupita muda mrefu mwanangu wa pili akaanza kulalamika kuwa tumbo linamwuma, na choo chake kikawa na damu. Alipopimwa, ilionekana ana kichocho cha tumbo. Alipewa dawa akapona, namshukuru Mungu. Lakini siku ile niliporudi nyumbani, mama mmoja jirani, mtu wa umri wa mama yangu, alisimama penye ua akaniambia: "Bwana Shamba, bustani yako hii hainywi maji. Inakunywa watoto."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nafundisha watu kilimo bora, na nyumbani kwangu majani ya kuungia mchuzi yalikuwa yananunuliwa kwa afya ya mtoto. Siku iliyofuata mama yule aliniletea machipukizi mawili ya mchaichai yaliyofungwa katika jani la mgomba. Akasema niyapande mahali ambapo mke wangu humwaga maji ya kuoshea vyombo, na nisimtume mtoto ziwani tena kwa ajili yake. Nilifanya hivyo. Hayo ninayowaeleza leo yalianzia hapo.

Kwa nini mchaichai wafaa hapa petu

Ndugu wananchi, si kila kiungo kinaafiki kila hali ya hewa. Giligilani ni mmea unaopenda ubaridi. Ikikutana na joto jingi huharakisha kuchanua na kuzaa mbegu, na majani huisha. Huo ni umbile lake, na maji hayawezi kuubadilisha. Musoma, joto la mchana huwa kati ya nyuzi 28 na 30 karibu mwaka mzima. Hatuna majira ya baridi ya kuungojea mmea wa namna hiyo.

Mchaichai ni kinyume chake. Asili yake ni nchi za joto za Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Ni nyasi, wa ukoo mmoja na mahindi, mtama na muwa, na kama hao, umeumbwa kulitumia jua kali bila kuchoka. Katika joto ambalo giligilani hukata tamaa, mchaichai ndipo huongeza majani. Hauchanui kwa urahisi, kwa hiyo hauachi kutoa majani ili uzae mbegu. Na ukishashika mizizi, huweza kuvumilia wiki kadhaa za ukavu. Majani hukauka ncha na kuwa ya kahawia, lakini shina hubaki hai chini na kuchipua tena mvua inaponyesha.

Majira yetu mnayajua. Tuna mvua za vuli kuelekea mwisho wa mwaka, na mvua za masika kati ya Machi na Mei. Katikati, hasa Juni hadi Agosti, kuna kiangazi ambacho hukausha bustani nyingi. Mmea unaofaa ua wa mtumishi au wa mkulima hapa ni ule ambao waweza kuvuka kiangazi hicho bila kudai ndoo kumi kila jioni.

Faida nyingine ni kuwa mifugo haiupendi sana. Mbuzi na ng'ombe wakiwa na majani mengine, kwa kawaida huupita kwa sababu ya harufu yake kali. Anayeishi mahali ambapo mbuzi wa jirani huamka mapema kuliko yeye atajua thamani ya jambo hilo.

Namna ya kupanda

Mchaichai haupandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa chipukizi lenye mizizi lililogawanywa kutoka kichaka kikubwa. Kwa sababu hiyo si mmea wa kununuliwa dukani katika pakiti. Ni mmea wa kuombwa kwa jirani, na wa kupewa. Chagua machipukizi manene yenye afya. Kata majani yabaki urefu wa kiganja, ili chipukizi lisipoteze maji mengi kabla mizizi haijashika. Ondoa maganda makavu ya nje. Kama chipukizi halina mizizi, liweke katika kopo la maji ukiyabadilisha kila siku mbili. Kwa kawaida mizizi huanza kuonekana ndani ya wiki mbili au tatu.

Wakati bora wa kupanda ni mwanzo wa mvua, iwe za vuli au za masika. Chimba shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha pandikiza chipukizi moja au mawili. Acha nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya kichaka na kichaka, kwa maana kikikua hutanuka sana. Kwa familia ya watu sita au saba, vichaka vitano vyatosha kabisa.

Udongo wetu si mmoja, na hapa nina kosa langu la pili la kuwaeleza. Nilipohamishiwa Bunda nilichukua machipukizi yangu katika gunia lenye unyevu, nikayapanda nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na udongo mweusi wa mbuga. Yalishika vizuri. Masika yalipofika, udongo ule ulijaa maji kama bakuli, na baada ya wiki chache vichaka vyote vilikuwa vimeoza chini. Mchaichai huvumilia ukavu, lakini hauvumilii kusimama majini. Basi:

Kwa wakazi wa Bunda wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, inueni tuta liwe juu ya usawa wa ardhi kwa sentimita 20 hadi 30, na pandeni juu ya tuta.

Kwa wakazi wa Musoma wenye udongo wa kichanga karibu na ziwa, tatizo ni kinyume chake. Maji na rutuba hupita upesi. Ongezeni samadi na mboji, na mfunike udongo kwa majani makavu.

Kwa wakazi wa Butiama wenye mashamba ya miteremko, pandeni mchaichai kwa mstari unaokingama mteremko, machipukizi yakiwa karibu karibu, sentimita 15 hadi 20. Mstari huo ukishikana hupunguza kasi ya maji ya mvua na kushika udongo unaosombwa. Hapo mtapata kiungo cha chai na kinga ya udongo kwa kazi moja.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, kama Rukuba, na wote wenye ua wa mawe au wa saruji, dumu kuukuu lililokatwa juu na kutobolewa chini, au ndoo iliyopasuka, yatosha kwa kichaka kimoja. Kinachotakiwa ni matundu ya kutolea maji na jua la nusu siku au zaidi.

Maji, ziwa na sheria

Sasa nirudi katika jambo la maji, kwa kuwa ndilo kiini cha mazungumzo yangu.

Kichocho huletwa na minyoo inayolelewa katika konokono wa majini. Vijidudu vinavyotoka katika konokono hao huogelea na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, bila yeye kuhisi lolote la kutisha. Fukwe za Ziwa Victoria zinajulikana kwa maradhi hayo, hasa mahali penye majani na maji yaliyotulia. Katika baadhi ya sehemu kuna mamba pia, na viboko hutoka usiku kula nyasi. Mtoto anayetumwa kuchota maji ya bustani machweo anakutana na hatari zote hizo kwa ajili ya majani ya kuungia chai. Hakuna kiungo chenye thamani hiyo.

Tufanye hesabu ndogo. Kichaka kilichokwisha kushika mizizi kinatosheka, wakati wa kiangazi, na lita 5 mara mbili kwa wiki. Vichaka vitano vitahitaji lita 50 kwa wiki, yaani kama lita 7 kwa siku. Maji ya kusuuzia vyombo na kunawia mikono katika nyumba ya kawaida hufikia kiasi hicho au hukizidi. Kwa hiyo bustani hii haidai hata ndoo moja kutoka ziwani. Maji yanayofaa ni yale ya kusuuzia. Maji yenye mafuta mengi, dawa ya kuondoa madoa au sabuni nyingi ya unga yamwagwe mbali.

Kwa anayelazimika kutumia maji ya ziwa, wataalamu wa afya wanaeleza kuwa maji yaliyochotwa na kuwekwa katika chombo bila konokono kwa muda wa siku moja hadi mbili hayabaki na vijidudu hai vya kichocho. Lakini kuyahifadhi hakumwokoi yule aliyeingia majini kuyachota. Kinga ya kweli ni kutoingia.

Wapo wanaojibu kuwa dawa ya yote hayo ni kulima ufukweni penyewe, karibu na maji. Napenda kuwakumbusha kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kandokando ya ziwa na mito, ambao shughuli za binadamu za kudumu au zenye kuudhuru haziruhusiwi. Sheria hiyo ina sababu yake. Udongo uliolimwa ufukweni husombwa na kuingia ziwani, mahali ambapo samaki huzaliana. Na ziwa lenyewe lina namna yake ya kutukumbusha mipaka. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda hadi viwango vya juu sana, na watu wengi kuzunguka ziwa walipoteza bustani na nyumba zilizokuwa karibu mno na maji. Ua wa nyumba hauna mgogoro wa namna hiyo.

Matunzo na uvunaji

Palizi ni muhimu katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo kichaka hujitengenezea kivuli, na magugu machache huweza kuota chini yake. Kila baada ya kuvuna, weka kopo moja au mawili ya samadi iliyooza kuzunguka shina.

Uvunaji wa kwanza ufanywe baada ya miezi minne hadi sita. Kata majani sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini kwa kisu kikali, wala usiyang'oe. Kingo za majani ni kali kama wembe, kwa hiyo mtoto asipewe kazi hiyo. Kichaka kitakuwa tayari tena baada ya miezi miwili hivi wakati wa mvua, na muda mrefu zaidi wakati wa kiangazi.

Ukiona madoa ya rangi ya kutu upande wa chini wa majani, huo ni ugonjwa wa ukungu. Kata majani yaliyoathirika, uyaondoe bustanini, na upunguze msongamano ili upepo upite. Hakuna haja ya kupuliza sumu juu ya jani ambalo kesho litatiwa katika chai ya familia.

Baada ya miaka mitatu au minne kichaka huzeeka katikati na majani huwa membamba. Kichimbue chote, tupa sehemu ya katikati iliyokufa, na pandikiza machipukizi ya pembeni mahali papya. Jambo moja la tahadhari: usipande mchaichai mlangoni wala chini ya dirisha la chumba cha kulala. Kichaka kinene kisichosafishwa ni maficho mazuri ya nyoka. Ondoa majani makavu ya chini mara kwa mara, na panda hatua kadhaa kutoka nyumbani.

Matumizi jikoni

Wengi wetu tunajua matumizi mamoja tu, yaani chai. Hata hayo twayafanya vibaya. Harufu ya mchaichai imo katika mafuta mepesi yaliyomo ndani ya jani, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinachoitwa sitrali, ambacho ndicho kinacholeta harufu ya limau. Mafuta hayo huruka upesi pamoja na mvuke. Anayechemsha mchaichai nusu saa katika sufuria iliyo wazi huipa harufu jiko lote, na mnywaji hupata maji ya majani.

Njia bora ni hii. Chukua majani matatu kwa lita moja ya maji. Yaoshe, yakunje na uyaponde kidogo. Maji yakichemka yatie, funika sufuria, ondoa motoni, na uache dakika tano hadi kumi. Kwa chai ya maziwa, tia mchaichai katika maji kwanza, ndipo uongeze maziwa. Mchaichai wenyewe hauna kafeini, kwa hiyo ukiunywa bila majani ya chai hauwazuii watoto na wazee kulala usiku. Tena wengi huona kuwa harufu yake hupunguza haja ya sukari. Tulipopata uhaba wa sukari mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya mvua nyingi kuzuia kazi za viwanda, nyumba zilizozoea kikombe chenye harufu hazikuhangaika sana kama zilizozoea vijiko vitatu.

Lakini mchaichai si jani tu. Katika nchi kama Thailand na Vietnam, sehemu inayothaminiwa zaidi ni ile nyeupe ya chini ya bua, ambayo sisi huitupa au kuiacha ardhini. Nao ni watu wa samaki kama sisi. Chukua mabua mawili, menya maganda ya nje, yaponde kwa mwichi au kwa ubapa wa kisu, na uyatie katika supu ya sato pamoja na kitunguu, nyanya, pilipili na chumvi. Yaache yachemke pamoja na samaki, kisha uyaondoe kabla ya kupakua, kwa kuwa ni magumu na hayatafuniki. Harufu nzito ya samaki hupungua, na mchuzi huwa mwepesi wa kuliwa na ugali wa muhogo au wa mtama. Dagaa nao, wakisha kuoshwa na kukaangwa, huafikiana sana na sehemu laini ya ndani ya bua iliyokatwakatwa vipande vidogo sana.

Kwa kuhifadhi, kausha majani kivulini mahali penye upepo, si juani. Jua kali huondoa rangi na harufu. Yakatwe vipande vifupi kwanza, yatandazwe juu ya kitambaa safi, na yageuzwe kila siku. Yakivunjika kwa sauti yakishikwa, yatie katika chupa kavu yenye kifuniko. Hivyo ndivyo mwenye bustani huvuka miezi ya kiangazi.

Wale wanaouliza kama mmea huu una soko wajue kuwa huko Pemba, katika kiwanda cha makonyo kilichopo Wawi, Chake Chake, mafuta ya mchaichai hukamuliwa kwa mvuke pamoja na mafuta ya makonyo ya karafuu. Hilo laonyesha kuwa zao hili lina thamani. Hata hivyo simshauri mtu kung'oa muhogo wake apande ekari ya mchaichai kabla hajamjua mnunuzi. Tuanze na ua.

Mipaka ya mchaichai

Ndugu zangu, mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa KORONA, watu wengi nchini walijifukiza kwa majani mbalimbali, na mchaichai ulikuwa miongoni mwake. Tangu wakati huo nimesikia ukisifiwa kuwa unatibu malaria, unatibu kisukari, unatibu shinikizo la damu. Nasema kwa uwazi: mchaichai ni kiungo kizuri na kinywaji kizuri. Si badala ya dawa uliyoandikiwa na daktari.

Nilikuwa na mtumishi mwenzangu, mtu makini na mchapa kazi, aliyekuwa akitumia vidonge vya shinikizo la damu. Aliambiwa kuwa mchaichai wafanya kazi hiyohiyo bila gharama. Machipukizi aliyopanda nilimpa mimi. Aliacha vidonge, akawa anakunywa birika zima kila siku, na akajisikia vizuri. Shinikizo la damu ndivyo lilivyo, laweza kupanda bila mtu kujisikia vibaya. Baada ya miezi michache alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia haukurudi katika kazi. Sikumwambia aache dawa, lakini pia sikumwuliza anautumia kwa nini. Tangu siku hiyo, kila ninayempa chipukizi nampa na maneno haya: kunywa kwa ladha, na dawa yako endelea nayo. Mama mjamzito naye asinywe kwa wingi bila kumwuliza mkunga au mganga wa kituo. Na mwenye homa aende kupimwa damu. Homa haipimwi kwa birika.

Wito

Mwisho, napenda kusema na watumishi wenzangu. Nyua za nyumba nyingi za Serikali ni tupu. Ukiuliza sababu, utajibiwa: "Nitapandaje, na mwakani naweza kuhamishwa?" Nami nilihamishwa mara nyingi, kwa hiyo najua uzito wa neno hilo. Lakini mchaichai unampa mtumishi jibu lake. Waweza kuvunwa ndani ya nusu mwaka. Barua ya uhamisho ikija, machipukizi matatu katika gunia lenye unyevu husafiri pamoja na masanduku, na kichaka hubaki kwa anayekuja.

Twakaa katika mkoa aliozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, na Butiama ndipo alipozikwa mwaka 1999. Baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 alirudi kijijini kwake akalima. Mtu aliyeongoza nchi hakuona jembe kuwa chini ya heshima yake, wala hakungoja kuambiwa atakaa pale kwa muda gani. Kwa mfano huo, sioni ni cheo gani kati yetu kinachozidi matuta mawili ya uani.

Ninapendekeza, basi, mambo matatu. La kwanza, kila nyumba ipande angalau vichaka viwili mvua zijazo, karibu na mahali pa kuoshea vyombo. La pili, shule na zahanati zenye nafasi zitenge tuta moja la kutolea machipukizi, kwa kuwa chipukizi moja lililotunzwa kwa mwaka mmoja laweza kuwa kichaka chenye machipukizi ishirini au zaidi. La tatu, na ndilo kubwa kwangu, pasiwe na mtoto wa Musoma, wa Bunda, wala wa kisiwa chochote chetu, anayeingia ziwani jioni kwa ajili ya maji ya bustani.

Mwaka fulani, baada ya kustaafu, nilipita penye nyumba ile ya kwanza. Mama yule jirani alikwisha kufariki dunia. Katika ua alikuwapo mtumishi kijana, mgeni kwangu. Penye bomba la kuoshea vyombo palikuwa na kichaka kikubwa cha mchaichai, na mkewe alikuwa anakikata kwa ajili ya chai ya jioni. Nilimwuliza nani alikipanda. Akasema hajui, walikikuta. Kisha akaniuliza kama nahitaji chipukizi. Nilichukua mawili.